Kumbukumbu ya Mtambo Umeme Ukatikapo

Msomaji, tarehe 7 Juni mwaka 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, katika mto Tana, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ya kituo ikaelemewa na mzigo, nayo ikajizima. Megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mara moja, na Kenya nzima ikakosa umeme kwa muda wa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona, akakabidhiwa kwa watunzaji wa wanyama wa porini. Kisa hicho kilienea duniani, na watu walikisimulia kwa kicheko.

Hapana ubaya kucheka. Lakini siku kama ile huleta swali linalostahili kufikiriwa. Mwanadamu akishikwa na giza kazini huketi akangoja. Taa ziwakapo tena huendelea na kazi pale alipoiacha, kwa maana akili yake haikuzimwa pamoja na taa. Je, mtambo wa kiwandani, ambao uhai wake wote ni umeme? Umeme ukatikapo, yale uliyokuwa ukiyajua huenda wapi? Na umeme urudipo, mtambo hujuaje pa kuanzia? Swali hili ni dogo kwa kulitazama, lakini ndani yake mna riziki za watu, na wakati mwingine mna maisha yao. Historia ya jibu lake ndiyo nitakayokueleza.

Ili tufahamiane, tuanze na mfano. Fikiri kiwanda cha kutia soda katika chupa. Kreti moja huchukua chupa 24. Chupa hupita moja moja mbele ya jicho la umeme, mtambo huzihesabu, na ifikapo ya 24 huisukuma kreti iliyojaa na kuvuta tupu. Kinachoongoza kazi hiyo siku hizi ni kompyuta ya kiwandani, iliyofanywa imara ili ivumilie joto, vumbi na mtikisiko. Mafundi huiita PLC. Sisi tutaiita kidhibiti.

Kidhibiti kina kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya mafundisho: hesabu chupa; zikitimia 24, sukuma kreti. Mafundisho hayo ndiyo programu. Ya pili ni kumbukumbu ya hali: sasa chupa ni 17, mkanda unakwenda, vali imefunguka. Programu ni kama kanuni za mchezo wa bao, na hali ni kama kete zilivyokaa mashimoni wakati huu. Mtu akipindua ubao, kanuni hazipotei, lakini mchezo umepotea. Yakupasa kushika tofauti hiyo, kwa sababu habari yote inayofuata imejengwa juu yake.

Kabla ya kompyuta kuingia viwandani, kazi ya kuamua ilifanywa na rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku. Umeme ukipita katika koili yake, koili hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, na chuma hicho hufunga au hufungua njia ya umeme mwingine. Umeme ukikatika, springi hurudisha chuma mahali pake. Mtambo mkubwa ulihitaji rilei mamia kwa mamia, zilizopangwa katika makabati marefu na kuunganishwa kwa waya nyingi mno.

Katika makabati hayo programu ilikuwa ni waya zenyewe. Waya huu ukitoka hapa ukaenda pale, hilo lilikuwa fundisho moja. Kwa hiyo umeme ulipokatika programu haikupotea, maana giza halifungui skrubu. Hali ndiyo iliyopotea: rilei zote ziliachia kwa pamoja. Palipokuwa na jambo la lazima kukumbukwa, mafundi walitumia rilei yenye komeo, ambayo ikisha kuvutwa hujifunga, nayo haiachii mpaka koili ya pili iifungue. Basi tangu zamani hizo watu walikuwa wakichagua: hili likumbukwe, lile lisahauliwe.

Ubaya wa rilei ulikuwa upande mwingine. Mafundisho yaliyofungwa kwa skrubu hayapotei kwa urahisi, lakini wala hayabadiliki kwa urahisi. Katika viwanda vya magari vya Marekani, kila umbo la gari lilipobadilika, makabati yalifumuliwa na kuungwa upya kwa kazi ya siku nyingi, au yalitupwa kabisa. Mwaka 1968 idara ya Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors, iliyotengeneza giaboksi za magari katika jimbo la Michigan, ilitoa mwito kwa wahandisi. Ilitaka kifaa cha kushika mahali pa rilei, chenye mafundisho yanayoweza kubadilishwa hapo hapo kiwandani pasipo kugusa waya.

Katika jimbo la Massachusetts palikuwa na kampuni ndogo iitwayo Bedford Associates. Mmoja wa wahandisi wake, Dick Morley, alikwisha kuandika mawazo ya kifaa cha namna hiyo siku ya kwanza ya mwaka huo wa 1968. Yeye na wenzake walikiunda, wakakipa namba 084, kwa kuwa ulikuwa mradi wa 84 wa kampuni yao; jina lake likawa Modicon. Mwaka 1969 kilifikishwa General Motors. Programu yake ilichorwa kama ngazi, kwa alama zile zile zilizojulikana na mafundi wa rilei, na fundi hakulazimika kuwa mwanafunzi tena ili aielewe.

Sasa lilikuja lile swali letu. Ikiwa mafundisho hayamo tena katika waya, yamekaa wapi, na giza litayafanya nini? Katika Modicon 084 yalikaa katika pete za sumaku.

Pete hizo zina historia yake. Zilifanywa kwa feraiti, ambayo ni udongo mgumu mweusi wenye chuma ndani yake, na nyingi zilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama. Zilitungwa katika nyaya nyembamba zilizopishana kama uzi wa kitambaa, na kazi hiyo ya mkono ilifanywa aghalabu na wanawake wenye macho makali na vidole vyepesi. Kila pete iliweza kuwa sumaku ya kuzunguka upande mmoja au upande wa pili: upande mmoja una maana ya moja, wa pili una maana ya sifuri. Umeme ulihitajika kuigeuza pete, lakini haukuhitajika kuishikilia. Ukizima umeme leo na kurudi baada ya mwezi, pete itakuwa vile vile ulivyoiacha.

Kulikuwa na tatizo moja la ajabu. Pete haikuweza kusomwa bila kufutwa. Ili kujua imeelekea wapi, ilibidi isukumwe kwenda upande wa sifuri na kuangaliwa kama imegeuka. Na baada ya kusukumwa, habari iliyokuwamo imekwisha potea. An Wang, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliona kwamba kufutika huko si balaa, maadamu kilichosomwa chaweza kuandikwa tena papo hapo. Mwaka 1949 aliomba hati ya haki ya uvumbuzi wake. Jay Forrester wa chuo cha MIT alizipanga pete kwa safu za kwenda na za kukata, na mwaka 1953 zikatiwa katika kompyuta iliyoitwa Whirlwind. Tangu hapo, kwa miaka karibu 20, pete za sumaku zilikuwa kumbukumbu kuu ya kompyuta duniani.

Lakini fikiri, msomaji: itakuwaje umeme ukikatika baada ya pete kusomwa na kabla ya kuandikwa tena? Habari hiyo itapotea, ijapokuwa imekaa katika sumaku. Kwa ajili hiyo wahandisi walitia mlinzi. Kifaa maalumu kiliutazama umeme unaoingia, na mara ulipoanza kushuka kilipiga kengele, si kwa sauti, bali kwa ishara. Umeme uliobaki katika kapasita, ambazo ni kama mitungi midogo ya kuwekea umeme, ulitosha kwa muda wa elfu chache za sekunde. Katika muda huo kompyuta ilimaliza kuandika neno ililolishika, ikahifadhi hesabu zilizokuwa mkononi mwake, ndipo ikalala. Kumbe hata kumbukumbu ya sumaku ilihitaji nafasi ya kuaga.

Pete zilikuwa ghali, kwa kuwa zilitungwa kwa mkono. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilianza kuuza chipu ya silikoni, namba 1103, iliyoshika alama 1,024 za moja na sifuri katika kipande kisichozidi ukucha. Bei ikaanza kushuka, na pete zikaanza kuondoka. Lakini mwanadamu alipata rahisi akapoteza imara. Ndani ya chipu kama hiyo kila alama ni chaji ndogo ya umeme iliyowekwa mahali panapovuja. Ilibidi chaji ijazwe upya mara mamia kwa sekunde moja. Umeme ukikatika hata kwa kitambo kidogo, yote hufutika: mafundisho na hali pamoja. Kwa habari ya giza, chipu mpya ilikuwa dhaifu kuliko makabati ya rilei.

Dawa iliyopatikana ilikuwa betri. Zilikwisha buniwa chipu za namna nyingine, zilizotumia umeme kidogo mno zinapokuwa zimetulia, hata betri ndogo iliweza kuzishikilia. Basi vidhibiti vingi vya miaka ya 1970 na 1980 vilikuwa na betri pembeni, na taa ndogo ya kuonya kwamba betri imechoka. Betri ya lithiamu ilidumu kwa miaka kadhaa. Kanuni yake ilikuwa moja, na kila fundi alifundishwa: badilisha betri wakati umeme wa kiwanda unawaka, usibadilishe wakati umezimwa.

Kanuni hiyo ni nyepesi kuisema, lakini ina mtego. Umeme unapokuwako, kidhibiti hakiitegemei betri. Betri yaweza kufa mwezi Machi na kazi ikaendelea bila dosari mpaka Desemba. Taa ya onyo huwaka, lakini imo ndani ya kabati lililofungwa, na anayepita nje haioni. Ndipo kiwanda kifungwapo kwa sikukuu na umeme kuzimwa. Wafanyakazi warudipo, swichi huwashwa, na mtambo haujui lolote. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichoungua, na wala hakuna kazi. Asiyeweka nakala ya programu yake mahali pengine hana la kufanya ila kuanza kuitunga upya, huku wenzake wamesimama mikono mitupu. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yalisemwa kwa wafanyabiashara, lakini yawafaa na wahandisi.

Watu hawakupenda kutegemea betri milele. Mwaka 1971 Dov Frohman, akifanya kazi katika kampuni ya Intel, alileta chipu ya namna nyingine. Alikizungushia kisiwa kidogo cha silikoni kizuizi kisichopitisha umeme, kisha akakitilia chaji kwa nguvu. Chaji ikisha kuingia haipati njia ya kutoka kwa miaka mingi, umeme uwepo usiwepo. Ili kuifuta, chipu iliwekwa dirisha dogo la kioo cha kwatzi, na fundi aliimulikia mwanga mkali wa urujuanimno kwa dakika kadhaa. Mtu akisha kuandika programu yake, alibandika karatasi juu ya dirisha, mwanga usije ukaifuta. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, nchini Japani, alitangaza kumbukumbu iliyofutwa kwa umeme wenyewe, sehemu kubwa kwa mara moja. Mwenzake mmoja aliifananisha na mmeko wa taa ya kamera, nayo ikaitwa flashi. Hiyo ndiyo imo katika simu za leo, na ndiyo ishikayo programu katika vidhibiti vingi vya leo.

Hata flashi ina mpaka wake. Huchakaa kwa kufutwa na kuandikwa mara nyingi, kama karatasi inavyochakaa kwa raba. Haifai kuandikwa kila chupa ipitapo. Kwa hiyo vidhibiti vingi huweka hali katika chipu nyepesi wakati wa kazi, na umeme unapoanza kushuka hutumia mabaki ya nguvu katika kapasita kuihamishia mahali pa kudumu. Waona kwamba ile hekima ya siku za pete, ya kumpa anayelala nafasi ya kuaga, haikuzeeka.

Sasa yawezekana unawaza kwamba mwisho wa habari umefika: mtambo wa leo haupotezi kitu, na hilo ndilo lililotakiwa. La, msomaji. Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote.

Rudi katika kiwanda chetu cha soda. Ni usiku. Chupa imevunjika katika mkanda, na wakati huo huo umeme unakatika. Mfanyakazi anaona mkanda umesimama kimya, anaingiza mkono atoe vigae. Umeme unarudi. Ikiwa kidhibiti kimekumbuka kila kitu, basi kimekumbuka pia kwamba mkanda ulikuwa ukienda. Nacho kwa utii wake kitauendesha tena, mkono ungali humo. Kumbukumbu iliyotunzwa kwa werevu mwingi hivyo ndiyo itakayomkata mtu mkono.

Mafundi wa rilei walilijua jambo hili. Katika mitambo yao, mtu akibonyeza kitufe cha kuanzisha, swichi kubwa ya mota ilivutwa, nayo ikajishikilia kwa umeme ule ule uliopita ndani yake. Umeme ukikatika, ilijiachia. Umeme ukirudi, haikuvutwa tena mpaka mtu aje, atazame, abonyeze kwa mkono wake. Kusahau huko hakukuwa udhaifu, kulikuwa ulinzi. Kanuni za kimataifa za usalama wa mitambo zingali zikidai hivyo: mahali ambapo kujiwasha kwa mtambo baada ya umeme kurudi kwaweza kuleta hatari, sharti kuzuiwe.

Tazama na upande wa pili. Kidhibiti kimehifadhi kwamba kreti ina chupa 17. Lakini gizani msimamizi aliiondoa kreti ile, akaweka tupu. Umeme urudipo, mtambo utaongeza chupa 7 tu, ukadhani zimetimia 24, ukaisukuma kreti isiyojaa. Kumbukumbu haikupotea; imekuwa uongo, kwa sababu dunia ilibadilika wakati mtambo umelala. Kwa hiyo fundi hodari huuamuru mtambo wake, kabla ya kuanza, uhakikishe: je, kreti ipo? Chupa zilizomo ni hizo? Ikiwa hauwezi kujua, uulize mtu.

Ndiyo maana Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, ilipotoa mwaka 1993 kanuni za lugha za vidhibiti, iliweka njia ya kutenga mambo hayo. Mwandishi wa programu huweza kuliandikia jambo neno RETAIN, yaani litunzwe. Asipoliandika, kwa kawaida jambo hilo huanza upya umeme urudipo. Kanuni haikumwamulia ni lipi la kutunzwa. Ilimpa kalamu, ikamwachia uamuzi.

Huenda siku moja wewe, msomaji, ukasimama mbele ya kabati la namna hiyo, katika kiwanda cha majani ya chai, cha sukari au cha saruji. Umeme utakatika, kwa sababu ya tumbili, ya radi, au ya mti ulioanguka juu ya waya. Siku hiyo haitakusaidia kujua jina la chipu iliyomo. Litakusaidia uliloamua kabla ya giza: mafundisho yametunzwa na nakala yake ipo, hesabu ya kazi imehifadhiwa, nayo itahakikishwa kabla ya kuaminiwa, na amri ya kwenda imesahauliwa, mpaka mtu atazame kwamba hapana mkono wa mwenzake ndani ya mtambo.